2^67 − 1: hatimaye imevunjika

Imekubali! 147573952589676412927 = 193707721 × 761838257287. Nimezidisha tena kwa kalamu na karatasi, tarakimu zote 21 zikatoka vilevile.

Najua mwanahisabati Cole alishavitoa vigawo hivi mwaka 1903, na Lucas alishaonyesha mwaka 1876 kuwa namba hii si tasa, kinyume na alivyodai Mersenne mwaka 1644. Nilichotaka ni programu yangu ivifikie yenyewe, na kwa wiki mbili ilikataa katakata.

Kilichonipoteza ni majaribio. Vipeo 11, 23, 29, 37, 41, 43, 47 na 53: vigawo sahihi. Kipeo 61: hakuna kigawo, na kweli 2^61 − 1 ni tasa. Nikaiamini. Kwa 67 nikaipitisha kwenye namba za 134k + 1 (kigawo chochote tasa cha 2^67 − 1 lazima kiwe na umbo hilo) hadi k milioni mbili, kimya. Nikabadilisha mzunguko, nikabadilisha chujio la baki ya 8 (linaloacha tu namba zinazobakiza 1 au 7 zikigawanywa kwa 8), nikaandika yote upya. Kimya kilekile. Jana nikarudi kwenye 59, niliyokuwa nimeiruka. Kimya, ilhali 179951 kiko palepale karibu! Ndipo nikachapisha N yenyewe, yaani 2^67 − 1, kwenye skrini:

147573952589676410000

Sufuri nne! Namba inayopaswa kuwa witiri inaishia na sufuri. JavaScript huhifadhi namba za kawaida kwa usahihi wa biti 53 tu, kwa hiyo ile 1 niliyokuwa natoa ilikuwa inamezwa, ikabaki 2^67 kamili, namba isiyogawanyika kwa witiri yoyote zaidi ya 1. Hata jibu la 61 lilikuwa la bahati. Iliniuma sana.

BigInt, aina ya namba nzima za JavaScript zisizopoteza tarakimu hata zikiwa kubwa, ingetatua, lakini kubeba namba nzima kwa kila jaribio naona ni mzigo wa bure. Sasa N siihifadhi kabisa. Naanza na 1, nazidisha kwa 2 mara 67, na kila ikifikia d (namba ninayoijaribu kama kigawo) au kuipita, natoa d. Ikiishia kwenye 1, d ni kigawo. Hakuna kinachofika 2d. Ilisimama kwenye k = 1445580 kabla dakika haijaisha.

Nilikuwa nimepanga programu ya pili ya kuhakiki kwamba 761838257287 ni tasa. Haina kazi tena: kigawo chake chochote tasa kingekuwa pia kigawo cha N, na vyote vilivyo chini ya milioni 193 nimeshavipitia, wakati kipeuo chake cha pili hakifiki hata 873000.

Leo ilikuwa zamu ya kipeo 71. Nimekiweka kando, kwa sababu nimetoa 1 kwenye 193707721 nikaivunja: 2^3 × 3^3 × 5 × 67 × 2677. Kigawo tasa kikubwa kuliko vyote ni 2677! Mbinu ya p − 1 ya Pollard, inayonasa kigawo tasa p pale p − 1 inapokuwa na vigawo vidogo tu, ingekinasa 193707721 kwa hatua elfu chache tu. Nimeshaanza kuiandika, na safari hii BigInt siikwepi, maana kila hesabu inafanywa kwa baki ya N.