Mama Alipoenda Kutazama Hoki

Tiketi nilinunua tatu, na ile ya tatu niliinunua shingo upande. Mama alikuwa amekuja Toronto kutoka Mombasa, akafika katikati ya baridi kali (kaka yangu ndiye aliyepanga safari, na hilo bado sijamsamehe). Nilijua tu kwamba hata kipindi cha kwanza hakitaisha kabla hajasema miguu inamganda, turudi nyumbani. Binti yangu alikuwa akiihesabia siku mechi ile tangu Januari, na sikutaka aharibiwe siku yake.

Ilikuwa Ijumaa, 16 Februari 2024. Toronto na Montreal, ligi mpya ya wanawake ya magongo ya barafuni, PWHL, ambayo ilikuwa imeanza kuchezwa Mwaka Mpya uleule. Kwa kawaida Toronto walichezea ukumbi mdogo wa Mattamy, ambao ghorofa ya chini yake ni duka kubwa la vyakula. Unanunua vitunguu, unapanda juu, unatazama hoki. Siku hiyo walipelekwa Scotiabank Arena, nyumbani kwa wanaume wa Maple Leafs, na tiketi zikaisha zote.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa na alikuwa na msimu mmoja wa hoki. Begi lake la vifaa nilikuwa nimelihamishia barazani maana harufu yake haikaliki na binadamu chumba kimoja. Ukutani kwake alibandika picha moja tu, ya Natalie Spooner, mshambuliaji wa Toronto, jezi namba 24. Sababu yake ilikuwa fupi: Spooner ni mtoto wa Scarborough, na sisi tunakaa Scarborough.

Basi tukapanda treni, Mama kavaa koti langu la zamani juu ya buibui, soksi jozi mbili, na mkoba wake kaukumbatia kama vile yuko kwenye matatu ya Kongowea. Tukashuka Union, tukaingia ukumbini kwa ndani kwa ndani bila kugusa theluji. Hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote alichokiona Kanada mpaka siku ile.

Wachezaji walipotoka, akaniuliza timu yetu inaitwaje.

"Toronto."

"Toronto ni mji. Timu jina lake nani?"

Nikamweleza kwamba timu zote sita hazijapewa majina, ndiyo maana kifuani wameandika mji tu, kwa mshazari.

"Mtoto huyu wiki ya saba sasa," akasema, "na akika bado?"

Paki, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokigombania, ikaangushwa, mchezo ukaanza, na Mama akanyamaza. Nikadhani ndiyo baridi imeanza kumuuma. Nilipomtupia jicho nikaona ameinama mbele, viwiko magotini, midomo imebana. Wachezaji walipobadilishana akakunja uso. Kwenye hoki ya barafuni mtu hukaa uwanjani kama dakika moja hivi, akaruka ukuta akapumzike, na mwenziwe akaingia bila mchezo kusimama. "Ala! Kumbe mapafu hawana," akasema. Lakini muda si muda nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, na alipoona kasi waliyokuja nayo wale walioingia, akatikisa kichwa kama aliyekubali hoja.

Kisha akaniguza kwa kiwiko.

"Huyo mkubwa, ishirini na nne. Muone. Hahangaiki na ile kitu. Anamziba kipa macho. Anangoja kipa ateme, yeye ameze."

Binti yangu akageuka. Mimi nikageuka. Hiyo ndiyo kazi ya Spooner hasa, kusimama mbele ya lango pale pa kusukumwa na kupigwa, na kuokota mabaki. Mimi ilinichukua miezi kulijua hilo, tena kwa kufundishwa na mtoto.

"Mama, umejuaje?"

"Mimi nilikuwa nikisimama hapo hapo."

Kwamba Mama alicheza mpira wa magongo shuleni nilikuwa nalijua, kama ninavyojua kwamba shangazi aliimba kwaya ya shule. Yalikuwa mambo ya ujanani, hayana mkia. Mapumziko ya kwanza, gari la Zamboni likizunguka kulainisha barafu, akainua buibui kidogo, akashusha soksi mbili za mguu wa kulia, akamshika mjukuu wake kidole akakiweka kwenye muundi. Pana shimo pale. Ncha ya kidole gumba inaingia. Maisha yangu yote niliambiwa ni baiskeli.

"Hilo ni gongo la mtu wa Nairobi," akasema. "Uwanja wa Mombasa Sports Club. Sisi kinga ilikuwa boksi la kadibodi, unalikata unalitia ndani ya soksi."

Kumbe alikuwa karani kwenye shirika moja la umma, na shirika lilikuwa na timu ya wanawake. Kazini siku za wiki, uwanjani Jumamosi. Malipo yalikuwa soda, nauli, na siku ya safari kuhesabiwa ya kazi. Alicheza miaka mitatu. Mwaka 1983 akapata mimba yangu, akamwambia kapteni. Wiki iliyofuata orodha ikabandikwa kwenye ubao na jina lake halimo. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemweleza. Nilipotimiza miezi sita alirudi kuulizia gongo lake aliloliacha stoo, akaambiwa lina mwenyewe.

Aliyasema haya huku akiliangalia gari la barafu, bila uchungu wowote ninaoweza kuunukuu. Akavuta soksi juu.

"Na hawa wanalipwa?"

"Wanalipwa." Nikamwambia wa chini kabisa kwenye ligi hii alipangiwa dola 35,000 za Marekani kwa msimu. Nikamwambia pia kwamba malipo yenyewe si ya zamani. Ligi ya Kanada iliyokuwepo kabla ilianza kuwapa posho mwaka 2017, kati ya dola 2,000 na 10,000 kwa msimu, na 2019 ikafungwa. Wachezaji zaidi ya 200 wakaamua hawatacheza ligi yoyote Amerika Kaskazini mpaka ipatikane ya kueleweka. Spooner alikuwa miongoni mwao, na tayari ana dhahabu ya Olimpiki.

"Wakakaa bure?"

"Walikuwa wakicheza mechi za maonyesho, mji kwa mji."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Akalipima hilo. Ndipo binti yangu, ambaye alikuwa kimya tangu kidole chake kilipoingia kwenye lile shimo, akasema: "Bibi, hata Spooner ana mtoto. Kazaliwa Desemba ya mwaka juzi."

"Nani?"

"Huyo huyo. Ishirini na nne."

Nikaongeza kwamba Aprili 2023, miezi minne hivi baada ya kujifungua, alishachezea Kanada kwenye mashindano ya dunia, hapo Brampton, mji wa jirani.

Mama akalitafuta jezi namba 24 kwenye benchi, akalipata. "Na jina lake walilirudisha?"

"Hawakulifuta, Mama."

Hakusema kitu. Kipindi cha pili chote hakusema kitu. Cha tatu, mchezaji wa Montreal alipombana wetu kwenye ukuta wa uwanja karibu na tulipokaa, kioo kikatikisika, Mama akasimama. Akasimama na mkoba wake. "Refa! Wewe refa!" Kwa Kiswahili, Kimombasa kabisa, na bwana mmoja mbele yetu, mzungu wa makamo, akaitikia kwa kuinua ngumi bila hata kugeuka.

Toronto walitia matatu, Montreal hawakupata hata moja. Idadi ya watu ilikuwa imetangazwa kwenye skrini: 19,285, mechi ya hoki ya kulipwa ya wanawake haijapata kuona umati kama ule. Umati ulijipigia makofi wenyewe. (Rekodi haikukaa, Aprili Montreal waliingiza 21,105.) Spooner alimaliza msimu akiwa na mabao 20 katika mechi 24, akawa mchezaji bora wa ligi.

Asubuhi ya Jumamosi niliamshwa na kelele sebuleni. Bibi na mjukuu wametandua zulia, wamekunja soksi kuwa mpira, na viatu vyangu viwili ndivyo lango. Binti yangu anashika gongo kwa upande wa kushoto, kama wenzake wengi hapa. Mama alikuwa amepiga goti nyuma yake, akimgeuza mikono. Kwenye magongo yao gongo la kushoto halikuwepo, na aliyezaliwa mashoto alijifunza mkono wa kulia au aliketi.

"Wa kushoto juu, wa kulia chini. Hivi."

Mtoto akajaribu, soksi ikaenda jikoni. Akaigeuza mikono ikarudi ilivyokuwa.

Mama akaiangalia ile mikono. Kisha akajiinua kwa kushika ukuta, akaenda kusimama mbele ya viatu vyangu, akatanua miguu.

"Haya basi. Piga."