Siku niliyoirudisha gadi ya grenda

Nilipoanza kujifunza kuchomelea, kwenye karakana moja ya Buguruni, Dar es Salaam, gadi ya grenda, yaani lile kava la chuma linalomkinga fundi na jiwe la mashine ya kukatia chuma, ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari, ina kutu na utando wa buibui. Nilidhani ni spea ya mashine iliyokwisha kufa. Kumbe ilivuliwa makusudi. Grenda yetu ilikuwa ndogo, ya inchi nne na nusu, na jiwe la saizi hiyo, kile kisahani kinachozunguka na kukata, huisha upesi ukishinda unakata skwea paipu za mageti. Bosi akaona afunge jiwe la inchi saba. Jiwe la saba halienei kwenye gadi ile, basi gadi ikaenda msumarini.

Hesabu yake imeandikwa kwenye jiwe lenyewe, kwa maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyasoma pale. Jiwe la kukatia la milimita 115 kwa kawaida linaruhusiwa kuzunguka hadi mara 13,300 kwa dakika. La milimita 180, ndiyo hiyo inchi saba, ni kama 8,500 tu. Grenda ndogo huzunguka kama 11,000. Kila tulipowasha tulikuwa tunalikimbiza jiwe kupita uwezo wake, nalo liko wazi karibu na vidole.

Siku yenyewe nilikuwa nakata nondo ndefu iliyolala juu ya stuli mbili, nakata katikati. Nondo ikikaribia kukatika hulegea na kubonyea chini, mkato ukajifunga na kulibana jiwe. Sikulijua hilo. Jua lilikuwa linanipiga usoni, nikasogea hatua moja kushoto. Hapo hapo nikasikia pa! kama tairi limepasuka. Kipande cha jiwe kilipita pale kilipokuwa kifua changu, kikatoboa bati la ukuta. Tundu lake linaingiza kidole gumba.

Nilikaa chini, miguu imekufa ganzi. Bosi alilitazama bati, akasema, "Dogo, Mungu anakupenda. Haya, funga jiwe jingine."

Usiku ule niliiloweka gadi kwenye dizeli. Asubuhi kutu ililegea, nikaifunga, nikanunua mawe ya nne na nusu kwa hela yangu, yale membamba ya milimita moja. Bosi alinuna kwamba namharibia utaratibu. Lakini jiwe jembamba linakata haraka na halichoshi mkono, na wiki ya tatu nikamkuta anayanunua mwenyewe. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Nondo siku hizi naibana kwenye jiliwa karibu na mkato, kipande kinachotoka kikining'inia nje ili kidondoke chenyewe. Nasimama pembeni ya mstari wa jiwe, mkono wa pili uko kwenye ule mpini wa ubavuni ambao mafundi wengi huutupa pamoja na boksi. Jiwe la kukatia silisagii kwa ubavu hata kama kilichobaki ni ncha ndogo tu. La kusagia ni nene, lina kazi yake. Jiwe jipya nalizungusha hewani nusu dakika, nimelielekeza pasipo na mtu. Na kabla ya kulipia nasoma tarehe kwenye kile kipete cha chuma katikati, maana gundi inayoyashika mawe haya huchoka, na unyevu huiwahisha. Wauzaji wa vifaa wa mtaa wa Gerezani walinicheka sana. "Fundi, unanunua jiwe au maziwa?"

Jambo ambalo nisingelifikiria ni LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Grenda yetu ina swichi unayoisukuma ikajifunga yenyewe. Siku moja uniti ziliisha katikati ya kazi, nikailaza mezani, nikaenda kunywa chai. Dogo wa karakana alipoingiza tokeni, mashine ilianza kurukaruka kama kambare aliyetolewa majini, ikaanguka ikatafuna waya wake. Ingeweza kuwa mguu wa mtu. Sasa umeme ukikatika kitu cha kwanza ni kuchomoa plagi, hata kabla ya kulaani. Kubadilisha jiwe, vivyo hivyo.

Jicho nalo lilinifundisha kwa gharama. Nilikuwa navaa miwani ya jua ya barabarani. Kibanzi kikapita kwa chini, nikasugua, nikalala. Asubuhi jicho lilikuwa jekundu kama pilipili. Daktari alinitia dawa ya ganzi, akakitoa kwa ncha ya sindano, kisha akaniambia nirudi kwa sababu chuma kilikuwa kimeacha duara la kutu kwenye kioo cha jicho. Tangu hapo miwani yangu imeziba pembeni, na juu yake naweka kinga ya uso.

Kuna seremala jirani alikuja kuazima grenda afunge msumeno wa mbao, ule wenye meno. Nilikataa. Ule ukinasa kwenye mbao unairudisha mashine mwilini mwako kabla hujafumba jicho. Alininunia wiki nzima.

Masikio ndiyo niliyoyachelewesha. Vizibo nimeanza kuvaa mwaka jana tu, na usiku bado nasikia mlio mwembamba kama mbu aliye ndani ya chandarua. Mke wangu akipita anapunguza redio. Akishatoka, naiongeza tena.