Nimesajiliwa VAT, natamani ningeyajua haya mapema

Mimi najiajiri, ni miaka sasa. Nafanya dizaini: nembo, mabango, vipeperushi, na pembeni nachapisha fulana nauza. Sina kampuni wala sina mfanyakazi, ni mimi na laptopu yangu basi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nilikuwa naiona kwenye risiti za watu wengine tu, kichwani kwangu ilikuwa kitu cha wafanyabiashara wakubwa. Sasa siku moja nimekaa najumlisha mauzo ya miezi 12 nakuta nimeshavuka kiwango cha kujisajili, yani mauzo yakifika hapo ni lazima ujisajili, na sio kwamba nimevuka juzi, nimevuka miezi 3 nyuma na mi niko tu naendelea na maisha.

Nilikosea wapi? Nilikuwa naangalia faida. Kwenye VAT hawaangalii faida yako, wanaangalia mauzo, pesa yote iliyoingia kabla hujatoa gharama. Zile fulana zinaniachia kidogo sana maana nyingi ya hela inarudi kununua fulana na wino, lakini kwenye hesabu ya usajili inaingia bei yote ya fulana. Halafu nilidhani dizaini ni biashara moja na fulana ni nyingine, kwahiyo kila moja iko chini ya kiwango. Hapana. Ukiwa unafanya kazi kwa jina lako mwenyewe anayesajiliwa ni wewe mtu, sio kazi, hivyo mauzo yako yote yanayotozwa kodi yanajumlishwa pamoja. Na sehemu nyingi hiyo miezi 12 haianzi Januari, kila mwezi ukiisha unageuka nyuma unahesabu 12 iliyopita. Mimi nilikuwa nahesabu mwisho wa mwaka, ndo maana nikachelewa.

Kuchelewa kwenyewe ndo kuliniuma zaidi, yani hapa naomba unisome taratibu. Ukichelewa kujisajili, kodi inaweza kudaiwa kuanzia tarehe uliyotakiwa kuwa umesajiliwa, hata kama wateja hukuwatoza. Chukua kazi ya 100,000 kwenye nchi yenye VAT ya asilimia 20 kama Uingereza. Kama mlikubaliana 100,000 na hukuandika kwamba VAT ni juu yake, basi kodi inahesabika iko humo humo ndani, 16,667, wewe unabaki na 83,333. Kazi ni ile ile, muda ni ule ule, gharama zako hazijapungua hata senti. Nilikuwa na kazi kadhaa za bei niliyokwisha kuahidi, wateja wawili nikawaeleza wakakubali kuongeza, waliobaki wakasema bei ni ile tuliyopatana, na kusema kweli walikuwa na haki. Nikalipa kutoka mfukoni kwangu. Tangu hapo kila makadirio ninayotuma nayaandika wazi, bei hii ni kabla ya VAT au bei hii ni pamoja na VAT, siachi mtu akisie.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukifikiria ni mteja wako ni nani. Kampuni iliyosajiliwa VAT kwa kawaida haiumii ukiongeza kodi kwenye invoisi, inaenda kuidai kama kodi ya manunuzi, yani ile iliyolipa iliponunua, tena wengine wanapenda uwe umesajiliwa. Lakini yule mama anayetaka fulana za harusi ya mwanae hana pa kuidai, kwake hiyo ni bei imepanda tu. Kwa upande wa dizaini, ambako karibu wateja wangu wote ni kampuni, sikupoteza mtu. Kwenye fulana ilibidi nichague kati ya kupandisha bei na kupunguza faida yangu, nikapandisha kidogo nikapunguza kidogo, na oda zimepungua. Kwahiyo kama uko chini ya kiwango na unafikiria kujisajili kwa hiari, nakusihi anza na swali hilo, wateja wako wengi ni akina nani.

Faida ipo, siifichi. Kodi unayolipa ukinunua vitu vya kazi unaitoa kwenye ile uliyokusanya, unapeleka tofauti. Hii kodi ndivyo ilivyoundwa tangu Ufaransa walivyoianza 1954, mpango wa Maurice Lauré, kila mfanyabiashara kwenye mnyororo anapeleka kodi ya thamani aliyoongeza yeye tu. Ila huwezi kudai bila invoisi halali ya kodi, na mimi nilikuwa natupa karatasi! Wino wa miezi mingi, kodi yake sikuweza kuidai. Angalia pia unauza nini, maana bidhaa ya kiwango cha sifuri na bidhaa iliyosamehewa kwa mteja zinafanana, hakuna kodi anayolipa, lakini kwako ni tofauti kubwa: ya sifuri unadai kodi ya manunuzi yako, iliyosamehewa kwa kawaida hudai.

Fomu yenyewe haikunisumbua, ni mambo ya kitambulisho, namba ya mlipakodi, maelezo ya kazi na mauzo. Kabla usajili haujakamilika usiweke VAT kwenye invoisi. Na baada ya hapo ritani, yani fomu ya kutangaza mauzo na kodi yako, inajazwa kila kipindi hata kama hujauza kitu, unajaza sifuri unatuma, usipotuma kuna faini.

Siku hizi nina akaunti ya pili benki. Mteja akilipa, kabla sijanunua chochote nahamishia sehemu ya kodi huko, siku hiyo hiyo. Mwanzoni nilikuwa naona salio kubwa nafurahi, kumbe sehemu yake nimeshikia tu. Mwezi uliopita mteja mmoja alichelewa kulipa na invoisi nilishaitoa, kodi ikadaiwa kabla hela haijaingia, na ile akaunti ndo ilinibeba. Kuna nchi zinaruhusu biashara ndogo kulipa kodi pale mteja anapolipa, nimeshaomba kuingizwa kwenye utaratibu huo, nasubiri jibu.