Siku moja na mtathmini wa mradi wa maji, Kongwa

Wanakijiji wakiniona na kishikwambi huuliza moja kati ya mawili: nimekuja kuandikisha majina ya msaada, au nimetumwa kumkamata aliyekula hela. Sivyo. Mimi ni mtathmini. Naenda mradi ulikopita kuwauliza wenyewe nini kimebadilika maishani mwao. Wiki hii ni mradi wa maji, wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma.

Saa 11 alfajiri naamka gesti Kibaigwa, malori ya mahindi yakiwa yameshaanza kunguruma sokoni. Chai, chapati, pawabenki, bodaboda.

Saa 1 na nusu, ofisi ya kijiji. Mtendaji anasoma barua yangu kutoka halmashauri, anagonga muhuri, nasaini kitabu cha wageni. Kama unaanza kazi hii, usiruke hatua hiyo hata ukiwa na haraka. Wenyeji wana haki ya kujua nani anaingia majumbani mwao.

Saa 2 nafika kitongojini, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amekwisha kuniandalia watu. Walikaa kwenye viti chini ya mti, wamevaa vizuri, wananisubiri.

"Binti yangu, hawa ndio wanaoujua mradi. Waulize hapa hapa, jua lisikuchome."

Nilimshukuru, nikauliza wanaishi wapi. Wote walitoka nyumba zilizo karibu na gati la maji, yaani bomba la pamoja la kuchotea. Nikaeleza kwamba kaya tunazipata kwa daftari la wakazi: kitongoji kina kaya 180, nahitaji 20, kwa hiyo tunapiga kura kupata namba ya kuanzia kati ya 1 na 9, kisha tunachukua kila kaya ya tisa. Hakuridhika. Akasema nawadharau watu wake. Akampigia simu diwani, diwani hakupokea, akapiga tena. Nikaeleza upya. Mzee mmoja akadakia kwamba wataalamu waliopita hawakuwa na maneno mengi hivi. Muda unakwenda, na kina mama ninaowatafuta wanaelekea mashambani.

Mwishowe nikamwambia, "Mzee wangu, wewe unauza mahindi Kibaigwa. Mnunuzi akija hatazami ya juu tu, anachoma bambo katikati na chini ya gunia, achomoe punje azione. Nami nimekuja na bambo langu."

Akanyamaza. Kisha akavua kofia, tukaweka karatasi zenye namba, akachomoa mwenyewe: 4. Wale waliosubiri sikuwaacha hivi hivi, nilikaa nao kwa mazungumzo ya pamoja. Walinieleza bei ya ndoo, mita iliyokufa, na nani anashika ufunguo. Tulipomaliza ilikaribia saa 5.

Kaya za mwanzo zilikwenda vizuri. Hodi, shikamoo, ridhaa, maswali, asante. Kila mlango naeleza kwamba jina haliandikwi, kwamba mtu anaweza kukataa swali, na kwamba sina chochote cha kugawa. Hilo la mwisho ni gumu kumwambia mtu mwenye njaa, lakini kumdanganya ni vibaya zaidi.

Jua la mchana sijui lilikuwa la saa ngapi nilipofika kaya ya mwisho kabisa, ng'ambo ya korongo. Mama alikuwa anapiga alizeti. Mwenyekiti alikuwa amenifuata, na kila nikiuliza, anajibu yeye.

"Maji yapo, mama huyu anachota vizuri tu."

Nikamwomba kwa heshima atusubiri barabarani. Alipoondoka sikumuuliza mama kama mradi ni mzuri. Ukiuliza hivyo, kila mtu atakwambia ni mzuri. Niliuliza jana alichota ndoo ngapi, wapi, na nani alikwenda. Ndoo mbili, kwenye mashimo ya mchanga korongoni, alikwenda binti yake kabla ya shule. Kwa nini si gatini? Gati hufunguliwa asubuhi yeye akiwa shambani, na akirudi limefungwa.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kaya yake ina watu 5: hizo ni lita 125, ndoo 6 za lita 20 na ziada. Yeye ana mbili. Ripoti ya mradi inasema magati yote yamejengwa, na ni kweli, nimeyaona. Lakini bomba kujengwa ni jambo moja, maji kufika kwenye mtungi wa mama huyu ni lingine, na mimi nalipwa kwa ajili ya hilo la pili.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemhesabia ndoo kabla bomba halijachimbiwa. Sasa namwomba akumbuke hali ya miaka iliyopita, na kumbukumbu ni kipimo dhaifu. Tathmini inapaswa kuanza siku mradi unapopangwa, kwa kukaa na watumiaji na kukubaliana mabadiliko gani yatafutwe.

Miguu imevimba. Usiku gesti napitia majibu yote, natuma takwimu mtandao ukirudi. Saa za kufungua gati zinarekebishika bila hata senti ya mfadhili, kwa hiyo kabla ya kuondoka nilimwomba mwenyekiti aitishe kikao Ijumaa, majibu yasomwe kijijini kwanza. Amekubali. Ameuliza kama yule mama wa ng'ambo aalikwe, nikamwambia kikao ni cha kitongoji kizima, basi apige mbiu mpaka korongoni.