Nilivyosawazisha besi na sauti za juu katika muziki niliorekodi nyumbani

Kazi ya kusawazisha besi na sauti za juu niliianzia chumbani, si kwenye ekwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu za sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, na chumba changu kina urefu wa mita 3.4, kwa hiyo nusu ya wimbi la Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) hutoshea barabara kati ya kuta mbili zinazotazamana, nalo hurudi na kujijenga juu yake lenyewe. Ndiyo maana noti moja ya gitaa la besi ilinguruma karibu na ukuta, ilhali katikati ya chumba ilikuwa kama haipo. Nilipiga noti za chini moja baada ya nyingine kwa nguvu ileile huku nikisogeza kiti, hadi nikapata mahali, takriban theluthi moja ya chumba kutoka ukuta wa mbele, ambapo noti hizo zililingana kiasi cha kuaminika. Spika niliziondoa kwenye kona, kwa kuwa kona hukuza besi. Sifongo nyembamba ambazo wengi hubandika ukutani sikuzitumia, kwani hunyonya sauti za juu na kuiacha besi ikitamba; godoro nene lililosimamishwa kwenye kona lilinifaa zaidi, ingawa halipendezi macho.

Kwenye ekwalaiza nilipunguza zaidi kuliko nilivyoongeza. Katika sauti ya mwimbaji nilikata yote yaliyo chini ya Hz 90, ambako hakukuwa na wimbo bali mtikisiko wa stendi ya maikrofoni na pumzi, kisha nikashusha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 kati ya Hz 200 na 400 kwenye vyombo vya katikati, kwa sababu hapo ndipo karibu kila kitu hurundikana. Ngoma kubwa niliiachia eneo la Hz 60, na gitaa la besi nikalipa nafasi kidogo juu yake. Besi ikasikika wazi zaidi bila kuongezwa.

Sauti za juu zilihitaji subira, kwa maana sikio huchoka nazo haraka na, likishachoka, huomba nyingine zaidi. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyokuwa ndogo ndivyo sikio linavyopungukiwa na besi kuliko masafa ya kati, yaani sauti zisizo nzito wala nyembamba sana; anayechanganya muziki kwa sauti kubwa basi hudhani besi inatosha. Mimi nilifanya maamuzi yangu kwa kiwango cha mazungumzo ya kawaida, nikipumzika mara kwa mara, na ukali wa herufi “s” kati ya kHz 5 na 8 (Hz 5,000 hadi 8,000) niliushusha pale tu ulipojitokeza, ili maneno yasipoteze uhai.

Iliyobaki ilikuwa spika ya simu, ambayo haiwezi kutoa Hz 50. Nilitia distosheni hafifu, yaani mkwaruzo wa makusudi, kwenye gitaa la besi, nayo ikazalisha masafa ya juu yaliyo mara kadhaa ya yale ya msingi; simu huyatoa hayo bila shida, na ubongo hujaza wenyewe noti ya chini isiyosikika.