Siku Moja Nyuma ya Kioo cha Chumba cha Kupimia Usikivu

Saa 12 asubuhi ninakuwa nimekwishapanda mwendokasi kutoka Kimara, na saa 1:30 ninafungua chumba changu cha kazi katikati ya jiji. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, mimi mwenyewe huvaa visikilizio na kupitia milio yote, kuanzia ule mzito wa hezi 250 hadi ule mwembamba wa hezi 8,000, kwa sababu waya mmoja mbovu unaweza kumfanya mtu mwenye masikio mazima aandikwe kuwa hasikii.

Saa 2 hadi saa 4 kazi ilikwenda vizuri: mama lishe aliyesukumia nta ndani kwa kijiti cha pamba, kisha kijana anayefuatiliwa usikivu kwa kuwa sindano alizochomwa za kifua kikuu sugu zinaweza kudhuru sikio la ndani.

Saa 4:30 akaingia mzee mmoja, fundi vyuma mstaafu wa Gerezani, pamoja na mwanawe. Nilipomwamkia mzee, mwana ndiye aliyejibu kwamba baba hajambo.

“Dokta, huyu anasikia vizuri sana,” akaongeza. “Anachagua tu. Ukitaja hela anageuka.”

Nilimweleza mzee kwamba abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu namna gani, nikamfungia ndani ya chumba cha kupimia. Mwanawe alikataa kusubiri nje. Alisimama kando yangu, akawa anamwashiria baba yake kupitia kioo kila mlio ulipotoka, na nilipomkalisha mwana huyo akiupa mgongo mtambo, simu yake ikaita. Tukaanza upya. Mara umeme ukakatika, jenereta ya duka la jirani ikanguruma, nasi tukalazimika kungoja, maana ngurumo ya namna hiyo huifunika milio mizito na kuyaharibu majibu. Kipimo cha nusu saa kilikula saa nzima na ushee, huku foleni ikinung’unika barazani.

Grafu ilipokamilika, masikio yote mawili yalihitaji sauti ya desibeli 25 tu kuusikia mlio mzito wa hezi 500, kisha mstari ukaporomoka: mlio mwembamba wa hezi 4,000 hayakuusikia hadi nilipoupandisha kufika desibeli 70. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, miaka nenda rudi, huua seli za sikio la ndani ambazo hazioti tena, na karakana za vyuma huzidi kiwango hicho. Nilifunika mdomo kwa karatasi, nikatamka maneno kwa sauti ya kawaida. Nikasema “kisu,” mzee akarudia “kitu.” Nikasema “sita,” akarudia “fita.” Sauti nyembamba kama “s” ndizo zilizompotea.

Mwanawe akaniuliza, safari hii kwa upole, “Kwa hiyo hajifanyi?”

Nilipomwandikia mzee swali hilo, alicheka. “Mwanangu, ninachojifanya ni kwamba nasikia. Vikao vyote vya ukoo naitikia tu.”

Kijana alitaka dawa ya matone. Nikakataa, kwani hakuna tone linalofufua seli hizo, nikaeleza kuhusu shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti. Chakula cha mchana sikukiona. Mchana wote ulikuwa wa kuomba radhi na kuwapima watu waliokwisha kuchoka, nami nikiwa nimechoka kuliko wao.

Jioni, nikijaza jalada la mzee, niliandika kwamba siku ya kuchukua vipimo vya shimesikio aje na mkewe, kwa kuwa ndiye anayezungumza naye kutwa nzima, naye anahitaji kuelekezwa amtazame usoni na aache kupaza sauti.