Upepo kwenye shokapu za mbele za XT600

Jamani wenye pikipiki za zamani, hili nimelisotea sana ngoja niliandike. Yamaha yangu ni XT600 ya 1984, shokapu zake za mbele pale juu kwenye kifuniko zina valvu kama ya tairi, unajaza upepo ili usaidiane na springi kubeba uzito. Ya kwangu ilikuwa ukishika breki ya mbele inazama mpaka inagonga chini, kah! na hapa Tanga matuta hayaishi. Nikapeleka kwa kijana anayejaza matairi, akagusisha kompresa mara moja tu, kesho yake nakuta oili sili (zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje) zimekufa zote mbili na oili imeshuka mpaka kwenye diski ya breki. Hapo angeweza kufa mtu.

Shida ni kwamba nafasi ya upepo mle ndani ni ndogo mno, siyo kama tairi, kompresa inakurusha kutoka sifuri hadi psi 50 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kufumba na kufumbua wakati shokapu yenyewe inataka psi chache tu. Tumia pampu ya mkono basi. Hata ukichomeka geji kupima, ule upepo unaochoropoka pssst unakuharibia kipimo.

Mzee mmoja fundi pale Ngamiani ndiye alinifungua macho, akaniambia mwanangu, usiguse upepo kabla hujapima oili. Tukatoa springi, tukazishusha shokapu mpaka chini kabisa, tukapima kwa rula kutoka mdomoni mwa bomba mpaka kwenye oili, kumbe ya kushoto ilikuwa imepungua sentimita 3 kuliko ya kulia! Na oili haibonyei, kinachobonyea ni upepo ulioko juu yake, kwahiyo oili ikiwa nyingi upepo unabanwa haraka na shokapu inakuwa ngumu kuelekea mwisho, ikipungua ndo inazama hivyo, na zikitofautiana kila upande unafanya kazi yake.

Baada ya hapo tukanyanyua tairi la mbele lisiguse chini, tukatoa upepo wote, nikaendesha na sifuri kwanza. Nilifunga zip tai, ile kamba ya plastiki ya kufungia, kwenye bomba la shokapu inionyeshe imezama mpaka wapi, halafu nikawa naongeza psi 2 pande zote sawasawa, naendesha, naangalia tena. Mimi nimeishia psi 4 na haijagonga tena.

Kitu kingine ambacho sikukijua, nikipanda Mombo kwenda Lushoto, kule ni kama mita 1,400 juu ya bahari, shokapu inakuwa ngumu inadundadunda kwenye changarawe. Geji inasoma karibu psi 2 zaidi na hakuna aliyejaza, ni hewa ya nje ndo imekuwa nyepesi. Nikifika juu naweka jiwe chini ya injini, tairi linaning'inia, nabonyeza valvu kidogo kidogo mpaka irudi 4. Nikishuka Tanga pampu ipo kwenye begi, naongeza tena.